Sakafu ya Mbao na Baridi ya Alfajiri

Wazee wetu wa Tarime huiogopa saruji ya baridi wakati wa Alfajiri, ndiyo maana familia nyingine zauliza juu ya sakafu ya mbao. Kwanza, tandazeni nailoni juu ya saruji kwa siku nzima, kingo zote zizibwe kwa selotepu; mkikuta matone chini yake, subirini. Mbao halisi hupigiliwa juu ya papi, baada ya kupakwa dawa ya mchwa. Vibao vya kiwandani, vya unga wa mbao ulioshindiliwa, huumana vyenyewe bila misumari wala gundi, lakini huvimba vikinywa maji: visifike penye kutawadhia. Tena viachiwe milimita 10 kando ya kila ukuta. Kamati yetu ililipuuza hilo la mwisho katika chumba cha akina mama. Vilitanuka, vikainuka katikati kama nundu, nasi tukaving'oa mbele ya wale wale waliotoa sadaka yao.