Sekunde 54 zinatuponza



Natoa maoni yangu kuhusu haraka ya siku hizi, hasa ya waendesha bodaboda na abiria wao.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Kijiji chetu kimetanda kilometa 2 kando ya barabara. Niliwapa wanafunzi wa darasa la saba hesabu hii: anayekwenda kilometa 50 kwa saa hukimaliza kijiji kwa sekunde 144, anayekwenda 80 hutumia sekunde 90. Anaokoa sekunde 54 tu, lakini akigonga, nguvu ya kishindo hufikia zaidi ya mara mbili na nusu.

Mwezi uliopita mtoto wa darasa la pili alivunjwa mguu akivuka kwenda nyumbani. Aliyemgonga hushinda kijiweni akicheza drafti huku akingoja abiria. Je, sekunde zake 54 alitaka kuzifanyia nini?

Hata hivyo, tusimlaumu peke yake. Abiria ndiye anayempiga begani, "Ongeza mwendo bwana, tumechelewa!" Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo asubuhi nikiwahi kengele.

Nawaomba wahusika watuwekee matuta na kivuko mbele ya shule. Nasi abiria tuondoke nyumbani mapema. Mwenda pole hajikwai.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida Vijijini.