Mashine ndogo za muziki: namba ya kwenye boksi haitoshi

Tangu Apple ilipoacha kutengeneza iPod mwezi Mei 2022, mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka mashine ndogo za muziki wa MP3 hana tena jina hilo la kutegemea. Anaoneshwa boksi lenye gigabaiti zilizoandikwa kwa herufi kubwa, na hapo ndipo mtaji unapopotea.

Wimbo wa dakika nne, kwa kiwango cha kilobiti 128, huchukua takriban megabaiti 4. Gigabaiti 8 za kweli hubeba nyimbo zipatazo 2,000, zinazomtosha mteja wa kawaida. Lakini wapo wajanja wanaobadilisha programu ya chipu ili itangaze ukubwa isiokuwa nao. Kompyuta husoma 64, nyimbo huingia, kisha zinazozidi uwezo halisi hazipigi au hufuta zilizotangulia. Mteja hurudi dukani. Muuzaji wa jumla hapatikani.

Kwa hiyo mwenye duka anunue moja kwanza, aijaze pomoni, asikilize nyimbo za mwanzo na za mwisho, ndipo alipie katoni. Ni kazi ya saa kadhaa, na wengi huikwepa. Yenye nafasi ya kadi ya memori ni bora hata kama memori ya ndani ni ndogo. Ile ambayo betri yake haibadiliki isinunuliwe kwa bei ya juu.