AFYA YA FAMILIA: Kwa nini baba wa sungusungu halali mchana?

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja. Mume wake ni sungusungu, analinda usiku. Asubuhi anarudi amechoka kabisa, anajilaza, lakini ikifika saa nne macho wazi, na hasira zote kwa watoto. Jirani amesema karogwa. Mama anatuuliza, ni kweli?

Hapana, mama. Mawazo tunayo wote, hatukatai, ila hapa tunadhani shida ni saa. Siyo ya mkononi. Ndani ya ubongo, pale juu ya njia panda ya mishipa ya macho, kuna vifundo viwili vidogo vya seli. Kwa panya seli hizo ni kama 20,000 tu, lakini ndizo zinazouambia mwili mzima: sasa mchana, sasa usiku.

Na saa hiyo inatumia kalsiamu, ile ile ya mifupa na meno! Ndani ya seli hizo kalsiamu inapanda mchana, inashuka usiku. Mwaka 2003 wataalamu waliipima kwenye vipande vya ubongo wa panya vilivyotunzwa kwenye kisahani, visivyoona jua wala mwezi. Bado ilipanda na kushuka kila siku. Kumbe saa haingoji kuambiwa.

Ila kwa watu wengi mzunguko wake unazidi kidogo saa 24, kwa hiyo lazima mwanga uirekebishe. Mwanga ukiingia machoni gizani, mshipa wa jicho unapeleka habari, milango ya seli inafunguka, kalsiamu inaingia na kuamsha jeni zinazosogeza mshale. Mwanga wa usiku wa mapema unachelewesha saa (vijana wa simu, mnasikia?). Ule wa karibu na asubuhi unaiwahisha.

Sasa mwangalieni baba huyu. Anatoka lindoni jua linachomoza, anatembea nalo usoni mpaka nyumbani. Saa yake inasema kumekucha, yeye anatafuta mkeka. Basi njiani avae kofia yenye ukingo. Mama, tundika kitenge kizito mlangoni na dirishani, watoto waende kwa shangazi yao mpaka mchana. Hatalala kama usiku, tuseme ukweli. Saa hii hugeuka polepole, siku baada ya siku, na zamu ikibadilishwa kila wiki haipati nafasi ya kugeuka. Wanaopanga zamu tunawaomba waliangalie hilo.

Halafu msikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kalsiamu. Mwili unajipimia wenyewe kalsiamu ya damu. Dagaa ni wazuri kwa mifupa ya watoto, mkiwapata kuleni, lakini hawatamlaza baba.