Mbwa Mmoja, Amri Tatu
Ukipita jioni mitaa ya Smithfield, magharibi mwa Sydney, utasikia mbwa wakiitwa kwa Kiarabu, Kiashuru, Kivietinamu, na siku hizi Kiswahili pia. Vurugu zaidi ziko kwetu: baba anasema "kaa", mtoto anaamrisha kwa Kiingereza, bibi anafoka "toka hapa!", kisha wote wanalalamika kwamba mbwa ni mkaidi. Lugha hazimsumbui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, waliwafundisha mbwa kulala kimya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Mwaka 2016 walionyesha kwamba sehemu za raha huamka pale tu neno la sifa linapotamkwa kwa sauti ya sifa, na baadaye wenzao wakagundua kuwa ubongo wa mbwa hutofautisha Kihispania na Kihungari. Kinachomchanganya ni amri moja kuwa na sura tatu. Afikianeni: neno moja, ishara moja ya mkono, na kipande cha nyama papo hapo anapotii, si baada ya kumaliza kuongea na simu. Na mtazameni. Mbwa anayepiga miayo, kulamba pua na kugeuza uso mtoto anapomkumbatia shingoni, mara nyingi hana usingizi wala dharau, anaomba nafasi. Sisi tuliokulia na mbwa wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku hatukufundishwa kusoma hayo, tulijua jiwe tu. Hata akinguruma, msimkaripie: akizoeshwa kunyamaza, siku nyingine atauma bila taarifa.