Uhuru wa Kalamu Si Mali ya Upande Mmoja



Katika mabaraza yetu, mjini na mashamba, Unguja na Pemba, husikika kauli moja ambayo hatuwezi kuiacha ipite bila ya kuijibu. Husemwa ya kwamba siku chama chetu kitakaposhika hatamu za Serikali, wale waliotuziba midomo nao watazibwa yao, na magazeti yaliyotutukana yatafungwa kabla ya jua la siku ya kwanza kuchwa. Uchungu unaoizaa kauli hiyo twaujua, kwani ni uchungu wetu sote. Hata hivyo twasema bila ya kificho: chama kinachodai uhuru wa kusema kwa ajili yake peke yake hakidai uhuru, chadai zamu yake ya kudhulumu.

Anayedhani kwamba twatia chumvi na azitazame khabari za nchi zetu. Mwaka 1954, chini ya himaya ya Muingereza, wakubwa wa Jumuiya ya Waarabu walipelekwa mahakamani hapa Unguja kwa shitaka la uchochezi, kwa sababu ya maneno yaliyochapwa katika gazeti lao la Al-Falaq, wakatiwa hatiani. Miaka minne baadaye, mwaka 1958, huko Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU, karatasi ya chama mfano wa hii mnayoishika mikononi, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na K. R. Baghdelleh, walitiwa jela kwa uchochezi. Watu hao hawakuwa wa jumuiya moja wala wa siasa moja. Lakini silaha iliyowapiga ilikuwa moja: sheria iliyompa mtawala nguvu ya kuligeuza kosa la jinai neno lolote lililomuudhi.

Basi silaha hiyo ilikwenda wapi Muingereza alipoondoka? Je, aliichukua pamoja na bendera yake? La. Aliiacha mezani, na waliokalia kiti chake waliiokota. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1962 ikatunga sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumshitaki. Mwaka 1976 ikaja Sheria ya Magazeti, ambayo ilimpa Waziri uwezo wa kulifunga gazeti lolote akiona mwenyewe kwamba maslaha ya umma yataka hivyo, pasi na kulazimika kwenda kwanza mbele ya hakimu. Chama kilichotawala bara mwaka huo wa 1976 ni TANU ile ile ambayo karatasi yake ilishitakiwa mwaka 1958.

Hapa visiwani funzo lilikuwa chungu zaidi. Serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba 1963 ilikuwa ya Hizbu na ZPPP, na katika Hizbu walikuwamo watu walioyajua vyema mashitaka ya Al-Falaq. Mwanzoni mwa Januari 1964 Serikali hiyo ilikipiga marufuku chama cha Umma. Tarehe 12 ya mwezi huo ikapinduliwa. Marufuku hayakuiokoa hata kwa wiki mbili; na baada ya hapo Hizbu yenyewe haikuwa tena na chama wala gazeti la kujitetea. Visiwa vikaingia katika zama za chama kimoja hadi mwaka 1992, na watu wazima wakajifunza kunong'ona ndani ya nyumba zao. Mwaka 1988 ilitungwa sheria ya kusajili magazeti na vitabu hapa Zanzibar. Mwaka 2003 gazeti la binafsi la Dira, lililokuwa likigombewa na wasomaji, lilifungwa likiwa na umri wa takriban mwaka mmoja.

Tazameni mlolongo huo, ndugu zetu. Kila aliyeishika fimbo aliamini kwamba haitamgeukia. Kila aliyepigwa aliapa kwamba ataivunja, na alipoipata mkononi aliona kuwa yamfaa.

Wala maradhi haya si ya Waafrika peke yao. Wale wale waliozitunga kanuni za uliberali hawakusalimika nayo. Mwaka 1644 John Milton wa Uingereza alichapisha Areopagitica, akipinga amri ya Bunge iliyotaka kila kitabu kipate ruhusa kabla ya kupigwa chapa. Haikupita miaka kumi, chini ya serikali aliyoipenda, Milton mwenyewe akawa miongoni mwa watoaji wa ruhusa. Sheria ya ruhusa ilikuja kufa mwaka 1695, na dola ya Kiingereza haikuanguka. Mwaka 1859 John Stuart Mill alieleza kwa hoja ambayo hatujaona aliyeivunja ya kwamba amnyamazishaye mtu mmoja huwadhulumu wote. Ikiwa rai ya mtu huyo ni ya kweli, tumenyimwa nafasi ya kuliacha kosa letu. Ikiwa ni ya uongo, tumenyimwa nafasi ya kuijua kweli yetu kwa dalili zake, nayo itabaki kuwa maneno ya kukariri tu. Lakini Mill huyo huyo, aliyetumikia Kampuni ya Uhindi ya Mashariki toka mwaka 1823 hata 1858, aliandika kwamba kanuni yake haikuwahusu watu wa mataifa aliyoyahisabu kuwa bado ni machanga. Yaani sisi.

Je, kwa sababu hiyo tuitupe kanuni? Hasha! Kasoro haimo ndani ya kanuni. Imo katika mpaka waliouchora wenyewe, wakawaacha nje wale wasiowataka. Sisi tuliowahi kuachwa nje ndio wenye wajibu mkubwa zaidi wa kuufuta mpaka huo. Ikiwa nasi tutachora wetu, tukawatoa nje wapinzani wetu wa kesho, tutakuwa tumerithi kasoro ya mabwana hao na kuiacha hekima yao.

Wako watakaotuuliza: Je, mmesahau Juni 1961? Hatukusahau. Katika fujo za uchaguzi wa mwezi ule watu 68 walipoteza maisha yao, na magazeti ya vyama vyote yalikuwa yamejaa matusi ya kuchoma roho. Lakini aulize pia muulizaji: Je, sheria ya uchochezi haikuwako mwaka ule? Ilikuwako, nayo haikumwokoa hata mmoja. Iliwajua waandishi walioisema Serikali. Ama mwenye panga hakuiogopa.

Wala hatusemi kwamba kila neno ni halali mahali popote. Mill alitoa mfano ulio wazi: kuandika gazetini kwamba wafanyabiashara wa nafaka wawaua masikini kwa njaa ni rai, na yaachwe yasemwe; lakini kuyasema maneno hayo mbele ya kundi lenye ghadhabu lililokusanyika mlangoni pa mfanyabiashara ni kuwasha moto, na huyo aadhibiwe. Mpaka wa haki ni huo. Awachocheaye watu kumwaga damu ashitakiwe kwa damu. Amzuliaye mwenziwe uongo ashitakiwe na huyo aliyezuliwa, mbele ya hakimu, kwa ushahidi. Lakini kumuudhi Waziri si kumwaga damu, na kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi si kumzulia mtu.

Basi twataka nini? Twataka kwanza kwamba hapana gazeti litakalofungwa kwa kalamu ya mkubwa wa Serikali. Anayelishitaki na aende mahakamani kama mtu mwengine yeyote. Twataka pili kwamba kosa la uchochezi liwe ni kuwachochea watu kutumia nguvu, basi; lisiwe ni kuichukiza Serikali. Haya si ndoto. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilihukumu kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ya bara, pamoja na vya uchochezi, vilikwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 na ile ya Jamhuri ya Muungano zote mbili zimeutaja uhuru wa maoni, na zote mbili katika kifungu cha 18.

Tatu, twataka haki, si hisani. Mwezi wa Februari 2022 magazeti manne ya bara, Mawio, MwanaHALISI, Mseto na Tanzania Daima, yalirudishiwa leseni zao kwa tamko la Serikali. Tulifurahi pamoja na wasomaji wake. Lakini gazeti lililofunguliwa kwa tamko laweza kufungwa kwa tamko, na kilichotolewa kwa upole hunyang'anywa kwa hasira.

Nne, na hili ndilo twalitaka kwenu nyinyi wanachama, kabla ya kulitaka kwa Serikali. Kila tawi na lijadili suala hili: je, tutakubali gazeti la wapinzani wetu liuzwe barabarani siku tutakapotawala sisi, litutukane, litukosoe, litucheke, nasi tusilijibu ila kwa gazeti? Tawi likisema ndiyo, na lilete azimio lake kwa maandishi, lihifadhiwe makao makuu, ili siku ya ushindi mtu yeyote aweze kuja na kutusomea ahadi yetu. Tawi likisema la, basi na lieleze ni kwa haki gani twalalamika leo.

Msiban'gue tangazo la wapinzani ukutani. Msimzomee msemaji wao hata asisikike. Nendeni mkamsikilize, kisha mjibuni. Asiyeweza kushinda ila kwa kumziba mwenziwe mdomo amekwisha kushindwa.