Mwalimu Asiye Katika Listi

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wananchi wa Uvira, toka Kavimvira mpaka Kalundu: mkiitwa kwenye mkutano wa wazazi, nendeni. Msiseme kwamba shule ni kazi ya mama. Humo mtaambiwa neno dogo, kwamba wazazi watoe mchango kidogo ili mwalimu asilale njaa. Neno hilo tunalijua toka zamani.

Katika miaka ya 1990, mshahara wa Serikali ulipokuwa si kitu tena, wazazi wa Kongo ndio waliombeba mwalimu mgongoni. Fedha ile iliitwa primu. Mtoto asiyelipa alifukuzwa darasani, na baba mwenye watoto watano alichagua nani asome. Mara nyingi binti ndiye aliyebaki nyumbani. Tena primu haikumfikia mwalimu yote. Sehemu yake ilipanda ngazi, ofisi hata ofisi.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ni ya bure. Maneno yakalala katika karatasi miaka 13. Septemba 2019 Serikali ya Rais Tshisekedi ikaanza kuyatenda, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ikakubali kutoa dola milioni 800 za kusaidia kazi hiyo. Watoto wakaja wengi, madawati yakapungua. Hilo sisi tunalisifu bila haya, na anayetaka turudishwe kwenye primu hatutamfuata.

Lakini kila karani wa mgodi anajua jambo moja. Mtu asiyeandikwa katika kitabu cha zamu aweza kuchimba toka alfajiri mpaka jioni, na siku ya malipo hana la kudai. Ndivyo walivyo wale walimu wanaoitwa N.U. Wanashika chaki kila siku, lakini hawamo katika listi ya mishahara, au wamepewa namba na fedha haifuati. Zamani primu iliwalisha. Siku ilipokatazwa, mshahara haukuja siku ile ile. Shimo liko hapo.

Na waliomo katika listi nao wanasema haitoshi. Septemba 2024 walimu wengi wa Kivu ya Kusini waligoma mwaka wa shule ulipofunguliwa. Aliyekaa nyumbani ni mtoto wa maskini. Mtoto wa tajiri alikuwa shule ya binafsi, anasoma.

Wengine humtupia lawama padri au mchungaji. Si haki. Kwa mapatano ya mwaka 1977 makanisa yanaongoza shule zao, lakini mshahara ni deni la Serikali.

Basi tuulize. Direkta aseme mbele ya wote ana walimu wangapi, wangapi wanalipwa, wangapi hawalipwi, na iandikwe ubaoni. Hesabu hiyo, pamoja na sahihi za wazazi, ipelekwe kwa ofisi ya elimu ya Kivu ya Kusini 2 hapa Uvira, na kwa wabunge waliotuomba kura. Mzazi anayetaka kumsaidia mwalimu kwa unga, kwa ndagala au kwa franka, na atoe kwa hiari yake, hadharani, wala jina la mtoto lisitajwe. Bahasha inayopita chini ya meza ni primu ile ile, imevaa kanzu mpya.

Watatujibu kwamba sanduku la Serikali ni tupu. Sheria ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: nusu kwa Serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, sekta au usultani wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tuseme kweli: dhahabu nyingi ya kwetu inachimbwa kwa mikono na kuvuka mpaka bila kulipa kitu, na wanaoivusha si wachimbaji. Lakini kampani inayolipa, fedha yake inaingia mahali. Tuulize ni dawati gani limenunuliwa nayo, ni mwalimu gani amelipwa.

Walio zamu siku ya mkutano wamtume mke au ndugu, na maswali haya yawe yameandikwa katika karatasi, ili mwenyekiti wa kamati asiseme hakusikia.