Uzuri wa Mkakasi Mpakani

Avukaye mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia, au pale Malaba katika wilaya ya Tororo, hakosi kuona vikopo vya krimu vimepangwa kwenye meza na vibanda vya kando ya barabara. Kila kikopo kina ahadi yake: hiki huondoa madoa, kile hung'arisha, na kingine humrudishia mama wa miaka 50 uso wa binti wa miaka 20. Hatuwalaumu wananchi wapendao kujipamba, maana kupenda uso safi si kosa. Lakini twaona ni wajibu wetu kuuliza: ndani ya vikopo hivyo mna nini?

Twauliza sasa kwa sababu biashara ya vipodozi duniani imepata jina jipya la kuwavutia wanunuzi, nalo ni melatonini. Kitu hiki si cha uwongo. Hutengenezwa na tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo wakati wa giza, nacho huuarifu mwili kwamba usiku umeingia. Aliyekitenga kwanza, mwaka 1958, ni daktari wa ngozi wa Marekani, Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, akifuata dalili kwamba tezi hiyo ina kitu kinachopausha ngozi ya vyura. Vyura walipauka kweli, binadamu hakupauka.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walionyesha kwamba melatonini hupambana na chembe haribifu zinazozuka katika ngozi ipigwayo na jua, ambazo huizeesha ngozi kama kutu ilavyo chuma. Majaribio machache ya Ulaya yalionyesha kuwa ikipakwa kabla ya mionzi hupunguza wekundu wa kuungua; ikipakwa baadaye, haifui dafu. Huo ndio ukweli wenyewe, nao ni mdogo kuliko tangazo. Kupunguza wekundu wa siku moja si kufuta mikunjo ya miaka 30.

Isitoshe, matangazo hayamwambii Mwafrika kwamba amekwisha kupewa kinga yake. Rangi ya ngozi yake, iitwayo melanini, humeza sehemu kubwa ya mionzi mikali ya jua, na ndiyo sababu mikunjo ya jua huchelewa kumfikia. Ndugu zetu wenye ualbino hawakujaliwa rangi hiyo ya kutosha, na kwao krimu ya kukinga jua ni dawa wala si pambo.

Sasa ajabu ni hii: krimu nyingi za kung'arisha hufanya kazi ya kuibomoa kinga hiyo hiyo. Haidrokwinoni, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Hayo si maneno ya vijiweni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wa figo ambao wengi wao walikuwa wakijipaka krimu zenye zebaki. Hivyo atafutaye ujana hununua uzee na maradhi kwa fedha zake mwenyewe.

Sheria hazikosekani. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya namna hiyo mwaka 1998. Mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, yalikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Na tangu Februari 1918 ipite karne nzima, yaani mwezi Februari 2018, Busia ina kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa na Marais Kenyatta na Museveni. Lakini malori ndiyo yapitayo kituoni. Vikopo hupita njia za panya, juu ya baiskeli na pikipiki.

Kwa hiyo tunatoa rai. Mashirika ya viwango ya Kenya na Uganda yapime krimu hizi kwa pamoja, na majina ya zilizo mbaya yatangazwe sokoni kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia na Kijopadhola, si kubandikwa ofisini kwa Kiingereza. Wachuuzi nao wafundishwe. Kumchomea mama bidhaa zake bila kumweleza kosa lake ni kumrudisha kwenye njia ya panya akiwa na deni kubwa zaidi.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Kikopo kisichotaja kilichomo kisiguse uso. Krimu ing'arishayo mtu kwa juma moja iogopwe. Kofia, mwavuli na kivuli cha mwembe vina kazi kubwa kuliko ahadi nyingi za dukani. Na ama hiyo melatonini, mwili huitengeneza wenyewe bila malipo, kila usiku wa giza.

Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Tusikubali ngozi zetu ziwe mkakasi.